Kaka Salimu, mama atakuja kwa njia iliyonyooka

Hamburg, 8 Februari 2026

Kaka yangu Salimu,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo, na mguu wa Shangazi Mwajuma umepata nafuu. Sisi huku tu wazima. Idrisa ameota jino la pili, na yeye kila mwanamke mwenye ushungi anamwita bibi, hata wale mama wa Kituruki kwenye basi, nao wanafurahi na kumpa biskuti. Bibi yake anamjua kwa simu tu.

Sauti ulizonitumia WhatsApp nimezisikiliza zote. Sikujibu palepale kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku, na maneno mengine ukiyajibu na usingizi machoni yanavunja undugu. Leo nimepumzika, Baba Idrisa amemtoa mtoto nje, nami nakuandikia kwa kirefu. Naomba uisome yote kabla hujampigia mtu simu.

Nianze na pesa. Milioni nne ulizoniomba za kumpa yule kijana wa Dar, eti amtengenezee mama viza ya kuja kunitembelea, sitatuma. Si kwamba sina, na si kwamba simtaki mama, kama Shangazi alivyosema mbele ya majirani. Sitatuma kwa sababu yule ni kishoka, na kazi anayotaka kuifanya ni kumharibia mama. Anasema atampatia miadi ya haraka, atamtengenezea taarifa ya benki yenye mamilioni, na barua kuwa mama ana duka la jumla. Mama yetu, Salimu! Mama ambaye kila mtu Ngamiani anajua anauza maandazi na kupangisha vyumba vitatu. Ofisa akimuuliza kuhusu duka lake la jumla, atajibu nini? Mama hajui kusema uongo. Atasema "duka lipi, mwanangu?", na safari itaishia hapo.

Ada ya viza ya Schengen ni euro 90, tangu Juni 2024. Haifiki laki tatu za kwetu. Ndiyo ada yenyewe, na ukinyimwa hairudi. Hizo nyingine zote ni za mfukoni kwa kijana. Na mama akikamatwa na karatasi ya kughushi, hawamnyimi tu wakanyamaza. Jina lake, picha na alama za vidole vyake vinabaki kwenye mtambo wa viza unaosomwa na nchi zote 29 za Schengen, na kumbukumbu hiyo inakaa miaka 5. Mama ana miaka 68. Miaka 5 kwake si sawa na miaka 5 kwako wewe. Zamani ukinyimwa viza ya Ujerumani uliweza kuandika barua ubalozini bila malipo, ukaomba waangalie upya. Tangu 1 Julai 2025 wameifuta njia hiyo dunia nzima. Sasa ni kwenda mahakamani Berlin au kuomba upya na kulipa upya. Kwa hiyo tunapeleka mara moja, na tunapeleka ukweli.

Lililoniuma kuliko pesa ni la picha. Zuhura ameniambia kijana alimpeleka mama studio akamwambia avue ushungi, eti Wajerumani hawakubali. Mama wa makamo yale, hajia, akavuliwa ushungi mbele ya vijana wa studio, na wewe ulikuwepo umekaa kwenye benchi. Kaka, hakuna sharti hilo. Picha ni sentimita 3.5 kwa 4.5, uso uonekane wote kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji, na mwenye kujifunika kwa sababu ya dini anapigwa na ushungi wake. Mimi mwenyewe picha zangu zote za huku nina ushungi, kuanzia kibali cha kuishi mpaka kitambulisho cha kazi. Zile picha naomba zichanwe. Zuhura ampeleke tena, kwa heshima yake, na amwambie kwamba mimi ndiye niliyesema.

Sasa nisikilize hili, maana hamkuniuliza kwenye kikao chenu cha Makorora. Mdhamini wa mama ni mimi. Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya wageni kuweka saini ya dhamana, wenyewe wanaiita Verpflichtungserklärung. Nilipeleka karatasi zangu za mshahara, mkataba wa kazi na mkataba wa nyumba wenye ukubwa wa vyumba. Yule mama wa dirishani alizipitia moja moja, akapiga hesabu kwenye kompyuta, akaniuliza nina watu wangapi ninaowalisha. Kisha akageuza skrini nione mwenyewe: kipato kinatosha. Hakutaka karatasi ya mume wangu wala mdhamini wa pili. Nililipa euro 29, nikaweka saini, akagonga muhuri.

Nataka ulijue hilo, kaka. Siku ile nilipoacha kazi ya dukani kwa Mhindi nikaja huku kusomea uuguzi, ulisema narudi kabla ya Idi. Nilisoma Kijerumani mpaka nikafaulu, nikamaliza mafunzo ya miaka mitatu na mtihani wa serikali, na leo ni muuguzi aliyesajiliwa Ujerumani. Serikali ya Ujerumani imeikubali saini ya binti wa mkata mkonge wa Pongwe. Baba angekuwa hai ningempelekea nakala aitundike ukutani, juu ya ile redio.

Dhamana ile si mchezo lakini. Nimeahidi kisheria kwamba mama akila, akilala, akiugua, gharama ni yangu, na akikataa kuondoka wakalazimika kumsafirisha, wananidai mimi. Kwa hiyo lile wazo ulilolisema mwishoni, kwamba "akishafika abaki hukohuko, wewe si unaye", nalikataa mbele ya Mungu na mbele yako. Viza ya matembezi ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Siku ya kufika inahesabiwa na siku ya kuondoka inahesabiwa. Na msidanganyike na tarehe za kwenye stika, kwa sababu mara nyingi zinaandikwa zenye nafasi zaidi. Kinachotawala ni idadi ya siku iliyoandikwa palepale. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kuingiza mtambo mpya wa mipakani, mgeni anapigwa picha ya uso na siku zake zinahesabiwa na kompyuta, si kwa kutegemea muhuri wa wino tu. Akipitiliza, inajulikana papo hapo. Halafu mama mwenyewe hataki kubaki. Nilimuuliza juzi, akasema, "Nikae huko, kaburi la baba yenu nani atalifagia?"

Hapa ndipo nafika kwenye hati ya nyumba, na usikasirike.

Ubalozi unataka kuona mambo mawili kwa mtu wa umri wa mama: kwamba hatakuwa mzigo, na kwamba atarudi. La kwanza nimelimaliza mimi kwa dhamana. La pili linaonyeshwa na mali yake na watu wake. Nyumba ya Ngamiani iko kwa jina la mama, wapangaji wanamlipa mama, shamba la minazi ni lake, watoto wake wanne wako Tanga pamoja na wajukuu. Hiyo ndiyo sababu yake ya kurudi, imeandikwa na ina mhuri. Lakini hati umeichukua wewe tangu arobaini ya baba, na kila Zuhura akiuliza unasema iko kwa wakili. Wakili gani, kaka? Na kwa jambo gani?

Nimesikia maneno, nami sipendi kuamini maneno ya mtaani. Nimesikia mama akisafiri wewe utahamia chumba cha mbele na kodi utaipokea wewe. Kama ni kweli, niambie mimi moja kwa moja. Kama ada ya shule imekubana, tuzungumze kama ndugu, nitasaidia kidato cha kwanza cha Hamadi kama nilivyomsaidia Zuhura, na sijawahi kukukumbusha. Ila kodi ni ya mama, akiwepo na asipokuwepo. Mama Chiku wa jirani aipokee, aiweke kwenye simu ya mama, na daftari liandikwe. Hati nahitaji nakala, haitoki mkononi mwako ikakaa kwangu. Nakala tu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Usipoitoa, ofisa ataona mama mzee asiye na chochote, na atamnyima. Na akinyimwa kwa sababu ya hati iliyofungiwa kabatini kwako, sijui nitakuangalia vipi.

Karatasi nyingine hazina ugumu. Pasipoti ya mama ni ile ya kielektroniki aliyoichukua kwa ajili ya hija mwaka 2019, bado ina muda. Wanataka iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka, na iwe na kurasa mbili wazi. Cheti changu cha kuzaliwa kinatakiwa kuonyesha yeye ni mama yangu, lakini RITA wameandika Mwanaidi na pasipoti inasema Mwanaid. Herufi moja hiyo inatosha kuleta maswali. Mama aende kwa wakili apige kiapo kwamba ni mtu mmoja, kabla ya siku ya miadi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila wakitaka kuchunguza wanaweza kufika 45. Nataka afike katikati ya Mei, kwa hiyo mwezi huu wa Februari usituponyoke.

Na vidole. Unakumbuka NIDA walivyohangaika naye, mashine inakataa kwa sababu ya miaka ya kusuka ukili na kukuna nazi? Zuhura ampake mafuta ya nazi mikononi usiku na asubuhi kwa wiki nzima kabla, na asimwache afue kwa sabuni ya unga siku hizo. Vikishachukuliwa vizuri, wanaweza kuvitumia tena kwa miezi 59, akija tena hatasumbuliwa.

Bima ya safari nainunua mimi huku. Sheria inataka isiwe chini ya euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura na kumrudisha mgonjwa nyumbani, au maiti, Mungu aepushe. Lakini mjue mpaka wake. Bima hizi ni za dharura. Presha na sukari alizokuja nazo hawazitibu kama kliniki, na jino wanatuliza maumivu tu. Kwa hiyo kabla hajapanda ndege, aende hospitali ya Bombo apimwe vizuri: presha, sukari, macho, miguu, na lile jino la nyuma ling'olewe hukohuko. Daktari aandike barua kwa Kiingereza, ataje ugonjwa na majina halisi ya dawa na kipimo chake.

Dawa zenyewe anaruhusiwa kuja nazo za matumizi yake, zisizozidi za miezi 3. Zibaki kwenye maboksi yake. Namjua mama, anavimimina vidonge vyote kwenye kile kikopo cha Milo, vyeupe na vya njano pamoja, anavitambua kwa kuvishika. Forodha hawamjui. Na ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini, kwa sababu begi likipotea Dubai atakaa bila dawa. Hapa huendi duka la dawa ukanunua viuavijasumu kwa kutaja jina. Bila cheti cha daktari hawakupi.

Chanjo: Ujerumani haidai chanjo yoyote kwa mtu anayetoka Tanzania, wala kipimo cha korona. Kadi ya homa ya manjano aliyoitaka kijana kwa laki moja haihitajiki kuingia huku. Tena chanjo ile kwa mtu aliyevuka miaka 60 ina hatari zaidi ya madhara, haichomwi kama hakuna haja. Ndiyo maana tiketi nimeitazama ya kupitia Dubai, inatua hapahapa Hamburg, badala ya zile za bei nafuu za kukaa uwanjani Addis nusu siku na zaidi. Ukikaa muda huo kwenye nchi yenye homa ya manjano, ukirudi nyumbani unaweza kudaiwa kadi. Aangalie tu chanjo ya surua na pepopunda na daktari wake.

La afya ninalolishika kwa mikono miwili ni malaria. Hapa hakuna malaria, na kwa sababu hiyo madaktari wengi hawaifikirii. Mtu anaweza kuumwa na mbu Tanga leo, akapanda ndege mzima, homa ikamkuta huku wiki ya pili. Wodini kwetu aliletwa mgeni wa Afrika Magharibi aliyepewa dawa za mafua siku kadhaa, alipofika alikuwa hajitambui tena. Mimi ndiye niliyemuuliza mkewe walirudi lini kutoka kwao. Alipona, alhamdulillahi. Kwa hiyo mama alale ndani ya neti mpaka usiku wa mwisho, asiseme nakaribia kusafiri. Na nitamwandikia karatasi kwa Kijerumani ya kuweka kwenye mkoba: natoka Tanzania, nikipata homa nipimeni malaria. Dharura huku ni 112, na usiku usipokuwa na dharura kubwa unapiga 116117 anakuja au anakuelekeza daktari wa zamu. Namba zote mbili nitazibandika kwenye friji.

Huku kuna kupe kwenye nyasi wanaoleta maradhi yao, kwa hiyo tukitoka bustanini nitamkagua miguu jioni. Maji ya bomba anakunywa bila kuchemsha, hilo najua atalipinga mpaka aondoke. Baridi isimtishe, Mei na Juni ni wakati mzuri. Atakachoshangaa ni jua. Mwezi wa sita magharibi inaingia karibu saa nne usiku, na alfajiri inakuja hujageuza ubavu. Vidonge vyake tutavifuata kwa saa, si kwa adhana.

Mizigo nayo. Amekwisha kuniambia ataniletea machungwa ya Muheza, embe, samli na nyama ya kukausha. Mwambieni taratibu. Nyama, maziwa na samli haviingii Ulaya kabisa kutoka kwetu, wanavitupa mbele ya macho yako. Machungwa, embe na kisamvu vinataka cheti cha afya ya mimea. Lakini nazi zinaruhusiwa, na ndizi, nanasi na tende. Samaki mpaka kilo 20, kwa hiyo ng'onda wa nguru karibu sana, nimekonda kwa hamu yake. Asali ya Handeni isizidi kilo 2. Nazi, Salimu, nazi za shambani kwetu! Huku nanunua tui la kopo, nalipikia wali na napigia simu watu kuusifia, lakini mimi najua.

Zuhura amwombee mama kiti cha magurudumu kwenye shirika la ndege siku mbili kabla, hawatozi. Kwenye mkoba awe na tiketi ya kurudi, nakala ya dhamana, bima na anwani yangu, maana hata mwenye viza anaulizwa na askari wa mpakani anakwenda kwa nani na anarudi lini. Atasema Kiswahili, atatoa karatasi, na mimi nitakuwa mlangoni na Idrisa.

Nina mpango wa kumpeleka Landungsbrücken, chini bandarini. Miche ya kwanza ya mkonge iliyofika Tanga mwaka 1893 ilitoka Florida ikapitia bandari hii hii ya Hamburg. Ilikuwa elfu moja, iliyofika hai ni 62. Mkonge wote aliokata baba, viganja vyake vilivyopasuka, ada zetu za shule, vilianzia kwenye miche hiyo. Kila nikipita na feri nawaza hivyo, na nataka kusimama pale na mama nimwambie. Meli zikipita nitamnunulia mkate wa samaki, tutapiga picha, nitakutumia.

Basi, kaka. Tiketi, bima, ada ya viza na nauli ya kwenda Dar nalipa mimi, natuma kwa Zuhura, risiti utaziona. Dhamana halisi imetoka jana kwa DHL. Ninachokuomba wewe ni kitu kimoja: Ijumaa baada ya swala umpe Zuhura ile hati aipige nakala kurasa zote, urudishiwe hapohapo. Na kijana wa Dar mwambie pasipoti ya mama airudishe kesho, maana nimeambiwa anayo.

Nisalimie Shangazi, Mama Chiku, Hamadi na wote wa Makorora. Jumapili saa mbili usiku za huko nitapiga, naomba uwe karibu na mama.

Mdogo wako,
Rehema